Pumzi ya Jirani: Safari ya Barakoa na Kifua Kikuu Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1905, kabla moto wa vita ya Majimaji haujawaka, daktari mmoja Mjerumani mwenye umri wa miaka 61 alishika njia ya misafara kutoka Dar es Salaam, akapita Morogoro, akapanda milima hadi Iringa. Jina lake lilikuwa Robert Koch. Kilichomleta ni homa ya kujirudia, ugonjwa uliokuwa ukiwaangusha wasafiri na wapagazi mmoja baada ya mwingine. Koch alifukua udongo katika sakafu za vibanda walimolala wapagazi, akawakuta papasi, wale kupe laini wanaojificha kwenye nyufa na kutoka usiku kunyonya damu. Akawapasua, akawatazama kwa hadubini, akaonyesha kwamba vimelea vya homa hiyo humpata hata papasi ambaye bado yumo ndani ya yai la mama yake.

Mtu huyo huyo, tarehe 24 Machi 1882, alikuwa amesimama mbele ya madaktari wenzake mjini Berlin na kuwatangazia kwamba amekipata kimelea kinacholeta kifua kikuu. Mwishoni mwa 1905, akiwa amesharudi kwao, alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Kwa hiyo Iringa ilimpokea, kwa muda mfupi, mtu aliyekijua kifua kikuu kuliko yeyote wa zama zake. Alipokuwa Iringa macho yake yalitazama sakafu, maana huko ndiko alikokuwa mdudu aliyemtafuta. Ugonjwa wa pili, ule uliompa jina duniani, haukai sakafuni. Hukaa hewani, na hutoka katika kifua cha mtu ukaingia katika kifua cha mwenzake. Historia ninayoisimulia hapa ni ya hewa hiyo, na ya kipande cha kitambaa ambacho watu wamekuwa wakijifunza, wakisahau na kujifunza upya kukiweka mbele ya mdomo.

Kitambaa chaanzia chumba cha upasuaji

Mwaka 1897, katika mji wa Breslau uliokuwa Ujerumani na leo ni Wrocław nchini Poland, mtaalamu wa afya Carl Flügge alionyesha kwamba mtu anapozungumza tu, bila hata kukohoa, mdomo wake hurusha matone madogo ya mate yaliyobeba vimelea hai. Daktari wa upasuaji wa mji huo huo, Johann von Mikulicz, akachukua kipande cha shashi, akajifunga puani na mdomoni, akaingia chumba cha upasuaji. Mwaka huo huo mjini Paris, Paul Berger naye alianza kufanya hivyo hivyo.

Tuitazame vizuri nia yao. Mikulicz na Berger hawakuwa wakiogopa kuambukizwa. Walichoogopa ni kudondosha mate yao kwenye jeraha la mtu aliyelala mezani. Barakoa ya kwanza ya hospitali ilivaliwa kwa ajili ya mwingine. Jambo hili tutarudi kulikuta mbele ya safari.

Miaka 13 baadaye kazi ya kitambaa hicho iligeuka. Mwishoni mwa 1910 tauni ya mapafu ililipuka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Serikali ilimtuma Harbin daktari kijana aliyezaliwa Penang na kusomea Cambridge, Wu Lien-teh. Wu alipasua maiti, akachunguza, akasema tauni hii haisubiri viroboto wa panya, bali inaenea kwa pumzi. Akaamuru madaktari, wauguzi na wabeba maiti wavae barakoa nene za pamba na shashi. Daktari Mfaransa Gérald Mesny, aliyekuwa na uzoefu mrefu kuliko wa Wu, alikataa kauli hiyo. Aliingia wodini uso wazi. Siku chache baadaye, Januari 1911, Mesny alikufa kwa tauni. Janga lile liliua watu wapatao 60,000 kabla ya kudhibitiwa, na tangu hapo barakoa ikawa pia ngao ya mhudumu.

Homa ya 1918 yapanda milimani

Huku kwetu vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imekwisha kula mavuno. Oktoba 1918 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na askari wake walipita Ubena, eneo la Njombe ya leo, wakawaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, wakaelekea mpakani na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 25 Novemba walisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo inaitwa Mbala. Nyuma ya majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza, walikuwapo wapagazi kwa maelfu, waliochoka, wenye njaa, waliolazwa wakibanana kambini. Homa ya mafua makali iliyokuwa ikiizunguka dunia ilikuta njia imeshatengenezwa.

Mwishoni mwa mwaka ule homa iliingia Unyakyusa na maeneo ya jirani. Iliwapiga zaidi watu wenye nguvu, wale wa kushika jembe, na ilifika wakati ambapo shamba lilikuwa linawahitaji. Maghala yalikuwa yameshamalizwa na majeshi. Baada ya homa ikafuata njaa, na wazee wa Rungwe waliyasimulia mambo hayo mawili kama msiba mmoja. Kwa Tanganyika nzima, wanahistoria hutaja makadirio ya vifo kati ya 50,000 na 80,000.

Wakati huo mjini San Francisco, Marekani, wakazi walikuwa wakiamriwa kisheria kuvaa barakoa za shashi barabarani. Milimani kwetu hapakuwa na amri, hapakuwa na shashi, na madaktari walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kilichokuwapo ni desturi ya kumjali mgonjwa: kukaa naye, kumshika, kumlisha, kulala naye nyumba moja. Nyumba ya tembe ya Wahehe, yenye paa la udongo na kuta nene, ilijengwa kuzuia baridi, na kwa kazi hiyo ilikuwa nyumba nzuri. Pumzi ya mgonjwa nayo ilibaki humo ndani. Upendo na baridi vilimfungia mzima chumba kimoja na mgonjwa.

Vifua vya wachimbaji

Miaka ya 1920 na 1930 dhahabu ya Lupa, Chunya, iliwavuta watu kutoka kila upande, na mji wa Mbeya ukakua kwa nguvu ya dhahabu hiyo. Baadaye shirika la kuajiri wachimbaji wa migodi ya Afrika Kusini, lililojulikana vijijini kwa jina la Wenela, liliwachukua vijana wa kusini mwa Tanganyika hadi eneo la Johannesburg. Walirudi na mablanketi, baiskeli na fedha za mahari. Wengine walirudi na kikohozi. Vumbi la miamba huyachana mapafu, na mapafu yaliyochanika ni shamba lililolimwa tayari kwa kifua kikuu.

Tiba ya uhakika ilichelewa. Dawa zilikuwapo tangu miaka ya 1940 na 1950, lakini mgonjwa wa kijijini Makete au Ileje hakuweza kukaa hospitali mwaka mzima, na akipata nafuu aliacha kumeza. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czech ambaye katika vita ya pili ya dunia alifungwa katika kambi ya Mauthausen, akaambukizwa kifua kikuu humo. Aliyekuja kutufundisha kuhesabu wagonjwa alikuwa mgonjwa aliyepona.

Mbinu zake zilikuwa za kawaida na zilihitaji uvumilivu. Pima makohozi kwa hadubini kila wilaya. Mpe mgonjwa dawa za muda mfupi zenye nguvu. Mtazame akimeza. Andika jina lake kwenye daftari na usilifunge daftari hadi ujue mwisho wake. Mfumo huo ulikomaa Tanzania, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua na kuueneza ulimwenguni.

Mfumo huo uliamini kwamba kumtibu mgonjwa kunatosha kuukata ugonjwa, na msingi wa imani hiyo ulikuwa umetafutwa mbali. Kuanzia 1956, katika hospitali moja ya Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake waliivuta hewa ya wodi ya wagonjwa sita wa kifua kikuu, wakaipeleka kwa mabomba hadi chumba cha juu walimofungwa simbilisi wapatao 150. Simbilisi wakaambukizwa, na hivyo ikathibitika kwamba ugonjwa unapita hewani. Riley aligundua pia kwamba wagonjwa wachache ndio waliowaambukiza wengi, na kwamba aliyeanza dawa sahihi huacha kuambukiza upesi. Fundisho likawa: mtibu mgonjwa mapema, na hewa itasafika yenyewe. Barakoa ikabaki kitu cha chumba cha upasuaji.

Ukimwi wavunja mahesabu

Kisha ukaja Ukimwi, na Nyanda za Juu Kusini zikawa kitovu cha msiba wa nchi. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliikuta Njombe na asilimia 11.4 ya watu wazima wenye maambukizi ya VVU, Iringa asilimia 11.3 na Mbeya asilimia 9.3. Hiyo ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza. Kinga ya mwili ikishuka, kifua kikuu kilicholala huamka. Wodi zilijaa watu wanaokohoa wakiwa kitanda kwa kitanda na watu wasio na kinga.

Hatari ya hali hiyo ilionekana wazi mwaka 2006 huko Tugela Ferry, kijiji cha KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Kati ya wagonjwa 53 waliokutwa na kifua kikuu kilicho sugu kwa karibu dawa zote, 52 walifariki. Wengi hawakuwahi kutibiwa kifua kikuu hapo awali. Maana yake ni kwamba usugu ule hawakuutengeneza wao kwa kuacha dawa, waliupokea ukiwa umeshakomaa, na dalili nyingi zilielekeza kidole hospitalini. Wahudumu wa afya nao walikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa sera ya kuzuia kifua kikuu ndani ya vituo vya afya, ikiwa na hatua zinazofuatana: kwanza mtambue na umtenge anayekohoa, pili ipe hewa njia ya kutoka, tatu mvalishe mhudumu barakoa inayochuja.

Hapo Mbeya iliingia katika historia kwa jina lake. Kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilikuwa kikishirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Munich. Matokeo yaliyochapishwa 2011 kutoka Mbeya yalikuwa kati ya vipimo vya mwanzo Afrika vya mashine ya GeneXpert, inayotambua kimelea na usugu wa dawa ya rifampisini kwa muda wa saa mbili hivi. Mwaka 2014 Mbeya ikaonekana tena pamoja na Cape Town, Durban, Harare na Lusaka katika utafiti wa wagonjwa 1,502. Mashine hiyo iliwekwa kliniki na kuendeshwa na wauguzi waliofundishwa kwa siku moja. Wauguzi waliimudu, na wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ile ile.

Wapo watakaouliza mashine ina uhusiano gani na barakoa. Uhusiano ni wa ndugu wa damu. Mgonjwa hatari kuliko wote wodini ni yule ambaye hakuna ajuaye kwamba ni mgonjwa. Kila siku inayookolewa kwenye kipimo ni siku moja ya pumzi salama kwa muuguzi, kwa mama wa kitanda cha pili, na kwa mtoto aliyeletwa na nyanya yake kuja kumwona baba.

Simbilisi watoa ushahidi

Katika vijiji vingi vya Njombe, Iringa na Mbeya simbilisi hufugwa jikoni. Hukimbia miguuni karibu na mafiga wakiokota majani na maganda, na ni kitoweo cha karibu. Mnyama huyo wa jikoni kwetu ndiye aliyetoa ushahidi mkubwa wa barakoa.

Utafiti ulifanyika eMalahleni, mji wa makaa ya mawe katika Afrika Kusini, na ukachapishwa 2012. Wagonjwa 17 wenye kifua kikuu sugu walilazwa katika wodi maalumu. Hewa yao ilipelekwa kwenye vyumba viwili, kila kimoja kikiwa na simbilisi 90. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za kawaida za hospitali, na hewa ikaenda chumba cha kwanza. Siku iliyofuata hawakuvaa, hewa ikaenda chumba cha pili. Waliendelea hivyo kwa miezi mitatu. Mwishoni, simbilisi 69 waliopata hewa ya siku zisizo na barakoa walikuwa wameambukizwa. Waliopata hewa ya siku za barakoa walioambukizwa ni 36. Hatari ilikuwa imepungua kwa asilimia 56.

Kumbuka nani alivaa. Alivaa mgonjwa. Barakoa ile nyepesi haichuji vizuri hewa anayovuta mtu asiye mgonjwa, kwa sababu hewa hupenya pembeni mwa mashavu. Lakini ikikaa mdomoni mwa anayekohoa, huyanasa matone yakiwa bado makubwa na yenye unyevu, kabla hayajakauka na kuwa chembe nyepesi zinazoelea kwa saa nyingi. Mhudumu anayeingia kwa mgonjwa anahitaji barakoa ya aina nyingine, kama N95, inayokamata angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana na kubana uso bila kuacha upenyo. Kumpa muuguzi barakoa nyepesi na kumwambia amekingwa ni kumdanganya. Tena kitambaa kitupu hakitoshi kazini: huko Hanoi, Vietnam, utafiti wa wahudumu 1,607 wa hospitali 14, uliochapishwa 2015, uliwakuta waliovaa barakoa za kitambaa wakiugua zaidi ya wenzao waliovaa za hospitali.

Mwaka wa barakoa

Neno lenyewe lina safari yake. Barakoa ya zamani ilikuwa pambo na stara ya uso wa wanawake wa Unguja na Omani. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Neno hilo la pwani lilikuwa nadra kusikika Uyole au Kilolo, hadi Machi 2020.

Tarehe 16 mwezi huo Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Shule zikafungwa. Mafundi cherehani waliweka pembeni sare na magauni wakashona barakoa za vitenge. Ndoo za maji na sabuni zikasimama kwenye milango ya maduka, watu wakapiga nyungu majumbani. Takwimu zilifikia wagonjwa 509, na muda mfupi baadaye utoaji wa takwimu ukakoma. Juni nchi ikatangazwa kuwa imeshinda. Barakoa zikavuliwa. Februari 2021 serikali ilihimiza tena zivaliwe, hasa zilizotengenezwa nchini. Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani Machi 2021 aliunda kamati ya wataalamu, akaonekana hadharani amevaa barakoa, na tarehe 28 Julai mwaka huo akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe.

Wakati sisi tunavaa na kuvua, wenzetu wa Bangladesh walikuwa wanapima. Katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000, nusu ya vijiji viligawiwa barakoa na kuhimizwa na viongozi wao. Uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Palipogawiwa barakoa za hospitali, waliougua na kuthibitika kuwa na korona walipungua kwa asilimia 11, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Barakoa haikuondoa janga. Ilipunguza mzigo, na katika afya ya umma kila mzigo uliopungua ni watu waliobaki hai.

Dirisha la mwezi wa saba

Korona ilipopoa, barakoa ilirudi kabatini kana kwamba adui wa hewani ameondoka. Kifua kikuu hakijawahi kuondoka. Nchi imepiga hatua kubwa: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wagonjwa wapya walishuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 183 mwaka 2023. Hata hivyo katika orodha ya shirika hilo ya 2021 hadi 2025 Tanzania ilikuwa bado miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa.

Mikoa yetu ina jambo lake ambalo sera zinazoandikwa Geneva haziwezi kulijua. Ni baridi. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi inauma. Utafiti wa vyumba 70 vya hospitali nane mjini Lima, Peru, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba kufungua madirisha na milango hubadilisha hewa mara 28 kwa saa, na kwamba majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa ni salama kuliko mengi ya kisasa. Dirisha ni dawa ya bure. Lakini mwambie mama wa Makete aliyejifunika blanketi mbili na mtoto kifuani kwamba alale na dirisha wazi. Atalifunga ukigeuka, na atakuwa na haki yake. Basi hicho ndicho kipindi ambacho barakoa mdomoni mwa anayekohoa inabeba uzito wote. Hewa ya wodi iliyofungwa ni ile ile ya tembe la 1918.

Kinachozuia si bei peke yake. Ni aibu. Mgonjwa akipewa barakoa peke yake katika benchi la watu 40, huwa ametangazwa, kwa hiyo huona heri afiche kikohozi chake, ingawa wahenga walishasema mficha maradhi kifo humwumbua. Njia ya kuiondoa aibu hiyo ni kumpa barakoa kila anayekohoa, awe na mafua au pumu, tangu mlangoni, kwa lugha ya heshima: kamwene mama, pole na safari, vaa hii tukilindane, njoo upimwe mapema usikae foleni. Muuguzi asemapo hivyo huwa amefanya kazi ya Mikulicz, ya Wu na ya Styblo kwa pumzi moja.

Mikulicz alifunga shashi kwa ajili ya mtu aliyelala mbele yake. Zaidi ya miaka 120 ya utafiti imerudi pale pale: barakoa ya anayekohoa humlinda zaidi yule asiyeivaa. Wewe unayesoma haya ukiwa Iringa, Mafinga, Tukuyu au Tunduma, ukikohoa wiki mbili usisubiri ya tatu. Nenda kapimwe, kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Na siku hiyo ya kwenda, funika mdomo wako. Aliyekaa nawe kwenye basi ana mtoto nyumbani.